Kuzalisha Zana za Kuchorea Usanifu wa Mifumo ya Kompyuta kwa Lugha Mahususi: Nafasi ya Kiswahili katika Mifumo ya Taarifa za Afya Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna zana za kuchorea usanifu wa mifumo ya kompyuta zinavyoweza kuzalishwa kutokana na lugha mahususi, yaani lugha ndogo ya kompyuta iliyobuniwa kwa kazi za uwanja mmoja tu. Mfano unaotumika ni mifumo ya taarifa za afya inayosimamiwa na Wizara ya Afya ya Uganda, yenye makao makuu Nakasero, Kampala. Hoja kuu ni kwamba usahihi wa mchoro hutegemea kwanza makubaliano ya istilahi. Kwa kuchunguza vitenzi tuma na tumia, pamoja na upatanisho wa ngeli, makala yanabainisha hatari ambayo Kiswahili hubeba katika kazi hii na msaada ambao sarufi yake hutoa.

1. Utangulizi

Mwezi Januari 2012, Wizara ya Afya ya Uganda, ambayo ofisi zake ziko Barabara ya Lourdel huko Nakasero, iliagiza miradi ya afya inayotumia simu na kompyuta isitishwe hadi itakaporatibiwa na kuidhinishwa na wizara. Miradi ya majaribio ilikuwa imeongezeka kuliko uwezo wa kuisimamia, na mingi ilikuja na programu yake, fomu zake na hifadhi yake ya taarifa. Ramani ya Uganda iliyojaa alama za miradi hiyo ilipata umaarufu katika mijadala ya kimataifa kuhusu afya ya kidijitali.

Ramani hiyo ilionyesha wingi wa miradi na mahali ilipo. Hata hivyo, ramani ya aina hiyo haijibu swali ambalo mshauri wa sera hulazimika kulijibu mkataba unapokaribia kuisha: mfumo huu ukizimwa kesho, ni nani atakosa taarifa? Jibu la swali hilo limo katika usanifu, yaani katika sehemu za mifumo, uhusiano wa sehemu hizo na masharti yanayoongoza uhusiano huo.

Miaka iliyofuata haikupunguza uzito wa swali hilo. Jukwaa la DHIS2, ambalo maendeleo yake huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, limekuwa hifadhi kuu ya takwimu za afya nchini. Mfumo wa mTrac, ulioanzishwa mwaka 2011, huwawezesha wahudumu wa vituo vya afya kutuma ripoti za wiki za magonjwa na akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi wa simu, na taarifa hizo huingizwa katika DHIS2. Kando yake kuna iHRIS inayoshughulikia kumbukumbu za watumishi wa afya, na UgandaEMR inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Uamuzi kuhusu mfumo mmoja huigusa mingine.

2. Tatizo la mchoro uliochorwa kwa mkono

Usanifu wa mifumo huelezwa kwa kawaida kwa visanduku na mishale. Mchoro wa namna hiyo ukichorwa kwa mkono, au kwa programu ya kawaida ya kuchorea, huanza kuchakaa siku unapokamilika. Mfumo hubadilishwa, mchoro hubaki vilevile. Aidha, mshale ule ule huweza kumaanisha mambo tofauti kwa wachoraji tofauti: kwa mmoja ni mwelekeo wa taarifa, kwa mwingine ni utegemezi, kwa wa tatu ni mamlaka ya kiutawala. Msomaji ambaye hakuwapo mchoro ulipochorwa hana njia ya kujua maana iliyokusudiwa. Hatari hii ni kubwa zaidi pale ambapo mtaalamu aliyechora aliajiriwa na mradi wa mfadhili na ameondoka mradi ulipofungwa.

3. Kutoka matini hadi zana

Suluhisho lililozoeleka ni kuandika maelezo ya usanifu kama matini, kisha kuiachia kompyuta kazi ya kuchora. Lugha ya DOT ya Graphviz, iliyotoka katika maabara za AT&T nchini Marekani, iliweka msingi: mwandishi hutaja vitu na uhusiano wake, na programu hupanga visanduku na mishale. PlantUML na Mermaid zilifuata mkondo huo. Structurizr ya Simon Brown ilipiga hatua zaidi, kwani matini moja huzalisha michoro ya ngazi mbalimbali, kuanzia muktadha mpana hadi sehemu za ndani za programu.

Ni muhimu kutofautisha hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, kinachozalishwa ni mchoro. Katika hatua ya pili, kinachozalishwa ni zana yenyewe. Mtafiti huandika sarufi ya lugha ndogo anayoihitaji, naye hupata kihariri, kichanganuzi na kihakiki cha makosa bila kuviandika kimoja kimoja. Xtext hufanya hivyo kwa lugha za matini, na Sirius kwa vihariri vya michoro. Anayetumia zana hizi hueleza mambo matatu: dhana za uwanja husika, namna dhana hizo zinavyoandikwa, na namna zinavyochorwa. Kazi iliyohitaji kikosi cha waandishi wa programu kwa muda mrefu hupungua sana.

Kinachobaki ni kazi ambayo kompyuta haiwezi kuifanya, yaani kuamua dhana zipi ziingie katika lugha na ziitwe nini. Mernik, Heering na Sloane (2005), katika mapitio yao ya ubunifu wa lugha mahususi, huweka uchanganuzi wa uwanja kabla ya usanifu wa lugha, na istilahi za uwanja ni miongoni mwa mazao ya uchanganuzi huo. Hapo ndipo taaluma ya lugha inapoingia.

4. Tuma na tumia: mshale mmoja, maana mbili

Tuchukulie lugha ya mfano yenye maneno ya Kiswahili, iliyokusudiwa kueleza mifumo ya aina iliyotajwa. Mwandishi wake atahitaji kitenzi cha kuonyesha kwamba taarifa zinatoka mahali pamoja kwenda pengine, na kitenzi cha kuonyesha kwamba mfumo mmoja unauhitaji mwingine ili ufanye kazi. Vitenzi vinavyokuja mdomoni kwanza ni tuma na tumia.

Tofauti ya herufi moja tayari ni hatari kwa mtu anayeandika kwa haraka. Hatari kubwa zaidi imo katika sarufi. Umbo tumia ni kitenzi kinachojitegemea chenye maana ya kufanyia kazi kitu fulani. Pia ni kauli ya kutendea ya tuma, kama katika nitakutumia fedha. Kwa hiyo sentensi kituo kinaitumia DHIS2 inabeba maana mbili: kituo kinafanya kazi kwa kutegemea DHIS2, au kituo kinaipelekea DHIS2 kitu fulani. Katika mazungumzo, muktadha huondoa utata. Kichanganuzi cha kompyuta hakina muktadha huo.

Utata huu una matokeo ya kisera. Ikiwa A inaitegemea B, mshale huchorwa kutoka A kwenda B, na B ikizimwa, A husimama. Ikiwa A inaipelekea B taarifa, mshale huchorwa vivyo hivyo kutoka A kwenda B, lakini sasa A ndiyo ikizimwa, B hukosa taarifa. Mshale ni ule ule, ilhali jibu la swali la nani ataathirika limegeuka. Mshauri anayesoma mchoro huo anaweza kupendekeza kufutwa kwa mfumo akiamini haumlishi mwingine yeyote, kumbe ripoti za wiki za wilaya nzima zinapita humo.

Pendekezo ni kuviepuka vitenzi vyote viwili katika lugha mahususi, na kuweka tegemea kwa utegemezi na wasilisha kwa usafirishaji wa taarifa. Wasilisha lina faida nyingine: tayari linatumika maofisini kwa ripoti, hivyo mtumishi wa wizara hahitaji kufundishwa maana yake.

5. Upatanisho wa ngeli kama kihakiki

Lugha nyingi mahususi zimejengwa juu ya maneno ya Kiingereza, ambayo hayabadiliki sana kwa kufuata kiima. Kiswahili hudai upatanisho. Mbunifu anaweza kuukwepa kwa kutumia mzizi mtupu, lakini matini itakuwa ngumu kusomwa na asiyekuwa mtaalamu, na lengo la kuwashirikisha washauri wa sera litapotea. Njia bora ni kuukubali upatanisho na kuupa kazi. Tazama mfano ufuatao:

mtumiaji Mhudumu anawasilisha ripoti_ya_wiki kwa mfumo mTrac
mfumo mTrac unawasilisha ripoti_ya_wiki kwa hifadhi DHIS2
kituo Wilaya kinategemea hifadhi DHIS2

Kila jina limetanguliwa na nomino ya aina yake, na kiambishi cha kitenzi kinapatana na nomino hiyo: a- kwa mtumiaji, u- kwa mfumo, ki- kwa kituo. Iwapo mhariri atabadilisha aina ya mTrac kuwa hifadhi na kusahau kitenzi, hifadhi mTrac unawasilisha litakuwa kosa la sarufi, na kihakiki kitamwonyesha mstari husika kabla mchoro haujazalishwa. Kosa la lugha linakuwa ishara ya kosa la usanifu.

Msaada huu una mpaka. Hifadhi, programu na huduma zote ni za ngeli moja, hivyo upatanisho hauwezi kuzitenganisha. Mbunifu wa lugha anapaswa kuchagua nomino za aina kwa kuangalia ngeli zake, jambo ambalo halimo katika miongozo iliyoandikwa kwa kuzingatia Kiingereza.

6. Matini moja, wasomaji watatu

Matini ikishahakikiwa, zana huweza kuzalisha michoro tofauti kwa wasomaji tofauti. Mhandisi hupata mchoro wa miunganiko na miundo ya taarifa. Mshauri wa sera hupata mchoro wa utegemezi, unaoonyesha kitakachosimama endapo mfumo fulani utaondolewa. Mwanasheria hupata mchoro wa mahali taarifa binafsi zinapohifadhiwa, suala lililopata uzito nchini Uganda baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019. Kwa kuwa michoro yote mitatu inatokana na matini moja, haiwezi kupingana.

Vilevile, kwa kuwa dhana zimetenganishwa na namna zinavyoandikwa, muundo ule ule unaweza kupewa sura ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wahandisi waliozoea Kiingereza hawalazimiki kuiacha lugha yao ya kazi. Jambo hili lina maana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na nchini Uganda, ambako Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022.

7. Hitimisho

Zana iliyozalishwa huchora kile tu kilichoandikwa. Matini isipohuishwa, mchoro wake utakuwa nadhifu lakini wa uongo. Kwa sababu hiyo, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya mifumo ya umma imdai mtoa huduma akabidhi maelezo ya usanifu kama matini inayosomeka na kompyuta, pamoja na michoro. Pili, matini hiyo itunzwe na wizara husika, na kila badiliko la mfumo liambatane na badiliko la matini. Tatu, vyombo vya Kiswahili vya kanda vishirikishwe katika kusanifisha vitenzi na nomino chache za msingi kabla sarufi ya lugha mahususi haijaandikwa. Orodha ya maneno ishirini yaliyokubaliwa inaweza kumwepusha mshauri wa sera na uamuzi wa kuzima mfumo ambao vituo vya afya bado vinautegemea.