Kumkanda Mbwa Kuna Faida kwa Mbwa na kwa Jamii

Mbwa wengi katika kaunti yetu hulinda boma usiku na kushinda wamefungwa mchana. Ni wachache wanaoguswa na wenyewe kila siku. Kumkanda mbwa kwa dakika tano hadi kumi hakuhitaji pesa wala kifaa, na kuna faida tatu.

Kwanza, humpa mbwa nafuu. Mbwa mzee, au anayekaa kwenye mnyororo kwa muda mrefu, hukakamaa misuli na viungo. Kumkanda polepole hulegeza misuli na kumtuliza. Hata hivyo, hakuponyi ugonjwa wa viungo. Akichechemea, muone daktari wa mifugo. Usimpe dawa za maumivu za binadamu kama vile ibuprofen au diclofenac, kwani zinaweza kudhuru tumbo na figo zake na hata kumuua.

Pili, mkono hugundua mapema yaliyofichwa na manyoya: kupe masikioni na katikati ya vidole, uvimbe au kidonda. Kupe asipasuliwe kwa vidole. Ashikwe kwa kibanio karibu na ngozi na kuvutwa taratibu.

Tatu, na muhimu zaidi, mbwa aliyezoea kushikwa ni rahisi kuchanjwa. Mbwa asiyeshikika hurudi nyumbani bila chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana kwa binadamu ni vigumu sana kupona. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo hukatiza maambukizi hayo.

Namna ya kumkanda

Subiri atulie. Anza shingoni na mabegani kwa kiganja, ukifuata mwelekeo wa manyoya. Shuka kando ya uti wa mgongo, usikandamize mfupa wenyewe. Malizia mapajani, miguuni na masikioni. Akikunja mkia, akinguruma au akigeuka kukutazama mkono, acha. Watoto wasimkande bila mtu mzima kuwepo.

Usimkande mbwa mwenye homa, jeraha bichi, mfupa uliovunjika au uvimbe usiojulikana. Usimguse kabisa mbwa usiyemjua, wala wako akibadilika tabia ghafla, akitokwa na mate mengi au akishindwa kumeza. Mtenge ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, na upige ripoti mara moja kwa afisa wa mifugo wa wadi.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Wakazi wanahimizwa kuanza kuwazoesha mbwa wao sasa, ili siku ya chanjo ikifika kila mbwa aweze kushikwa na mwenyewe. Mbwa huchanjwa kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu.