Jua la Mwaloni na Ngozi ya Mtoto

Mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni Kibirizi alimleta hospitalini kijana wake wa miaka 14, mwenye ualbino. Alikuwa na kidonda kwenye mdomo wa chini. “Sista, ni cha jua tu, hukauka kikarudi,” aliniambia. Nilipomwuliza kilianza lini, alijibu kabla ya Pasaka. Siku hiyo ilikuwa mwezi wa nane.

Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, nayo ni mwavuli wetu wa kuzaliwa. Mtoto mwenye ualbino anayo kidogo sana au hana kabisa, kwa hiyo kila siku ya jua huacha madhara, na madhara hayo hujilimbikiza. (Wanaojipaka mafuta ya kujichubua yenye zebaki au haidrokwinoni, ambayo yamepigwa marufuku nchini, wanauvua mwavuli huo kwa hiari na kwa pesa zao!)

Wengi hudhani wingu likitanda mtoto yuko salama. Sivyo. Mionzi inayounguza siyo joto lile tunalolisikia. Zaidi ya asilimia 90 yake yaweza kupenya wingu jepesi, na mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15. Ndiyo maana mtoto aliyevaa kofia, akikaa mchangani penye dagaa, bado huungua kidevuni na chini ya pua. Hata kanga nyepesi iliyolowa maji ya ziwa hupitisha mionzi kuliko ikiwa kavu.

Basi mvalisheni pama yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, na suruali au sketi ndefu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri akae kivulini. Mafuta ya kukinga jua yapakwe nusu saa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili, bila kusahau masikio, shingo na midomo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kutengeneza mafuta ya namna hiyo, yaitwayo Kilisun, miaka ya 2010. Mafuta ya nazi au ya mawese hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua.

Kidonda kisichopona kwa majuma manne, au gamba gumu linalobanduka na kurudi, msikitibu kwa majani wala kwa unga wa kapsuli. Kileteni. Daktari hukata kipande kidogo kipimwe maabara.

Kipande cha kijana yule kilionyesha saratani. Ilikuwa bado ndogo, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa, na mdomo umebaki na kovu tu. Siku hizi, kama hakuna shule, hushinda dukani kwa shangazi yake Ujiji hadi saa kumi, kisha humfuata mama yake mwaloni kumsaidia kukusanya dagaa.