Rula haijui mto: Hospitali iliyo karibu nawe huenda iko mbali

Chukua ramani ya mtaa wenu. Weka ncha ya bikari hapo nyumbani, chora duara la kilomita 5, kisha uhesabu hospitali na zahanati zilizomo ndani yake. Huenda ukapata 3 au 4 na ukajiona mwenye bahati. Sasa jiulize: mtoto akishikwa na homa kali saa nane za usiku, utapita wapi ili umfikishe katika mojawapo ya hizo?

Hapo ndipo duara linapoanza kukuhadaa. Kati yako na hospitali huenda kuna mto usio na daraja, ukuta mrefu wa kiwanda, reli isiyo na kivuko, au barabara kuu ambayo huwezi kuikata mpaka uende mbele kabisa na urudi nyuma. Bikari haijui mambo hayo. Rula nayo huchora mstari juu ya maji na juu ya mapaa ya nyumba za watu kana kwamba sote tuna mabawa.

Mkazi wa Likoni analijua jambo hili vizuri. Akisimama ufuoni anayaona majumba ya kisiwa cha Mombasa kwa macho yake, kwani maji yaliyopo katikati hayazidi nusu kilomita au karibu na hapo. Lakini safari yake haipimwi kwa nusu kilomita hiyo. Hupimwa kwa foleni ya feri. Siku feri mbili zikiharibika, kisiwa huwa mbali kweli kweli.

Mkazi wa Madogo naye yuko karibu na mji wa Garissa, ambako kuna hospitali kubwa. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara iliyo kati ya Madogo na Garissa, na watu wakalazimika kupanda mashua. Kwenye ramani hakuna kilichobadilika, na kilomita zilibaki zile zile.

Je, makosa ya rula ni makubwa kiasi gani? Swali hili lilijibiwa hapa Kenya. Mwaka wa 2006 mtafiti Abdisalan Noor na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wilaya 4 za nchi hii. Walitaka kujua ni watu wangapi wanaoweza kufika katika kituo cha afya cha serikali kwa muda wa saa moja, maadamu hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha taifa. Walipopima kwa mstari ulionyooka, walipata asilimia 82. Walipopima kwa kufuata barabara na njia ambazo watu hupita, na kuzingatia vituo ambavyo wagonjwa huvichagua, walipata asilimia 63.

Tofauti hiyo ilipokadiriwa kwa nchi nzima, ilibainika kwamba Wakenya wapatao milioni 6 walihesabiwa kuwa karibu na matibabu ilhali hawakuwa karibu. Hebu fikiria: afisa aliyeketi ofisini akiwa na ramani yenye miduara angeona eneo lao limefunikwa vizuri, na pesa za kujenga zahanati angezipeleka kwingine. Si kwa ubaya wa moyo wala kwa ufisadi. Ni kwa sababu ya bikari tu!

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba wazazi wa watoto wenye homa walivutiwa zaidi na vituo vikubwa kuliko vidogo. Mama huipita zahanati iliyo jirani akaenda mbali zaidi. Wapo watakaomlaumu. Mimi simlaumu, kwa kuwa anajua ni wapi dawa hupatikana na ni wapi huambiwa akanunue dukani. Ni juu ya mpangaji kuyajua hayo kabla ya kuchora chochote.

Wavu wa barabara

Kazi ya kupima hivyo hufanywa kwa kompyuta, kwa mfumo wa habari za kijiografia ambao wataalamu huuita GIS kwa kifupi. Ni ramani iliyo na kumbukumbu. Kila barabara iliyochorwa humo huwa imeandikiwa urefu wake, kama ina lami au vumbi, ni ya upande mmoja au pande zote mbili, na gari huchukua dakika ngapi kuipita. Sehemu ya mfumo huo inayotuhusu leo ni uchanganuzi wa mitandao. Usitishwe na neno mtandao, kwani si lazima uwe ule wa intaneti. Fikiria wavu wa mvuvi: mafundo yake ndizo njiapanda, na nyuzi zinazounganisha mafundo ndizo barabara. Kila uzi una gharama yake, nayo huwa ni dakika, kilomita au hata nauli.

Mtu aliyegundua namna nzuri ya kutafuta njia fupi katika wavu kama huo ni Mholanzi Edsger Dijkstra. Mwaka wa 1956 alikuwa mjini Amsterdam akizunguka madukani na mchumba wake. Walipochoka wakaketi mkahawani kunywa kahawa, na kwa muda wa dakika 20 hivi akalitatua fumbo hilo kichwani, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha kazi hiyo mwaka wa 1959. Hadi leo programu nyingi zinazokuelekeza njia kwenye simu zimejengwa juu ya msingi huo.

Wewe mwanafunzi unaweza kuijaribu sasa hivi. Tuseme kutoka Nyumbani hadi Sokoni ni dakika 4, na kutoka Nyumbani hadi Kanisani moja kwa moja ni dakika 9. Sokoni hadi Kanisani ni dakika 3. Sokoni hadi Darajani ni 12, Kanisani hadi Darajani ni 5. Darajani hadi Hospitali ni 6, na kuna barabara nyingine ya kutoka Kanisani hadi Hospitali ya dakika 15.

Kanuni ni kushughulikia kwanza mahali unapoweza kufika mapema kuliko pengine. Hapo ni Sokoni, dakika 4. Ukiwa Sokoni unaona kwamba Kanisani ni 4 na 3, yaani 7, basi unaifuta ile 9 uliyokuwa umeandika. Darajani ni 16 kwa sasa. Panapofuata ni Kanisani, dakika 7. Kutoka hapo Darajani ni 12, kwa hiyo 16 inafutwa, na Hospitali ni 22. Kisha Darajani, dakika 12. Ongeza 6 upate 18, ufute 22. Hospitali ni dakika 18 kwa kupitia Sokoni, Kanisani na Darajani. Dereva mgeni angeifuata barabara iliyonyooka kutoka Nyumbani hadi Kanisani na kupoteza dakika 2 bila kujua.

Sasa mvua inyeshe na daraja lizolewe. Futa Darajani kwenye karatasi yako. Jibu linakuwa 22. Na ikiwa ile barabara ya Kanisani hadi Hospitali ni kijia cha miguu kisichopitika kwa gari, basi ambalansi haina njia kabisa, ingawa hospitali haijasogea hata hatua moja.

Kompyuta hufanya hesabu hiyo hiyo kwa mafundo elfu nyingi na kumaliza upesi. Isitoshe, inaweza kuugeuza upande swali. Badala ya kuuliza njia ya mtu mmoja, unaiuliza: ni nyumba zipi zote zilizo ndani ya dakika 30 kutoka hospitali hii? Hapo haitoki duara tena. Linatoka umbo lenye vidole, refu penye barabara nzuri na fupi penye matope, na ukiliona la eneo lenu utatambua mara moja ni nani waliosahauliwa. Watafiti waliotumia hesabu za muda wa safari kwa nchi 48 za Afrika walieleza mwaka wa 2018 kwamba watu milioni 287, yaani asilimia 29, walikuwa zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya umma iliyo karibu nao.

Hesabu za namna hii hutumika pia kupanga magari ya kuzoa taka, ya zimamoto na ya kusambaza mizigo. Lakini kwa familia nyingi za jijini swali la kila siku ni la matatu.

Matatu nayo ni wavu wa ajabu! Barabara ipo, lakini gari lako halipiti popote linapotaka. Lina njia yake, kama 46 ya Kawangware au 111 ya Ngong. Halafu kuna dakika za kungoja lijae, kuna kuteremka katikati ya jiji ili upande jingine, na kuna nauli inayopanda mawingu yakitanda. Kwa miaka mingi wavu huo haukuwa na ramani iliyokamilika. Ulikuwa vichwani mwa madereva na makanga.

Mwaka wa 2012 wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walianza kuuchora. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zinazopokea ishara za setilaiti na kuandika kila kituo gari liliposimama. Mwanzoni mwa 2014 ramani ikatolewa ikiwa na njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata habari hizo zikaingizwa katika Google Maps. Aliyeitazama aliona wazi jambo ambalo abiria walikuwa wakililalamikia siku zote: karibu njia zote huelekea katikati ya jiji, hata kama unataka kwenda mtaa jirani tu.

Hata hivyo, usiiamini kompyuta kupita kiasi. Inajua tu yale iliyoambiwa. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani nyingi hadi vijana wa huko walipoanza kuichora wenyewe mwaka wa 2009, na mahali ambapo hapajachorwa hapana njia ya kutafutwa. Vile vile, barabara ya vumbi ya Januari si barabara ya Mei. Anayeijaza mashine dakika za kiangazi atapata majibu ya kiangazi.

Kwa wanafunzi wanaotaka kuendelea, programu ya QGIS hupatikana bila malipo na ina sehemu ya kutafuta njia fupi. Ramani za barabara unaweza kuzitoa katika OpenStreetMap, nazo pia ni za bure.

Na wewe mzazi, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mipango kama hii. Siku maafisa wa kaunti watakapokuja na ramani yao kuwaonyesha zahanati mpya itajengwa wapi, waulizeni: hizi kilomita zimepimwa kwa rula au kwa barabara? Hizi dakika ni za gari au za mama anayetembea akiwa na mtoto mgongoni? Na ni za Januari au ni za Mei?