Ringu na The Ring: Mjapani na Mmarekani, nani katisha zaidi?

Mkanda wa video usio na jina. Ukiutazama mpaka mwisho simu inalia, na baada ya siku saba unakufa. Kisa hicho kiliwanyima usingizi Wajapani mwaka 1998 kupitia filamu ya Ringu, na miaka minne baadaye kikawafuata Wamarekani kupitia The Ring.

Wapenzi wa filamu za kutisha wamebishana kwa miaka mingi ipi kati ya hizo mbili ni kali zaidi. Tumezitazama zote, moja baada ya nyingine, na haya ndiyo tuliyoyaona. Tunatahadharisha mapema kwamba tutaeleza mpaka mwisho wake, hivyo kama hujaziona na unataka kuziona, zione kwanza.

Asili ya yote ni riwaya ya mwandishi wa Kijapani Koji Suzuki iliyotoka mwaka 1991. Katika kitabu, anayeufuatilia mkanda ni mwandishi wa habari mwanamume. Mwongozaji Hideo Nakata na mwandishi wa filamu Hiroshi Takahashi walimgeuza kuwa mwanamke, Reiko, aliyeachana na mumewe na anayemlea mwanawe Yoichi peke yake. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoipa filamu nguvu, kwani mtoto naye anautazama mkanda, na mama hapigani tena kuokoa roho yake tu.

Wamarekani waliuchukua mpango huo huo. Katika The Ring iliyoongozwa na Gore Verbinski, Reiko amekuwa Rachel, mwandishi wa gazeti huko Seattle aliyechezwa na Naomi Watts, na mtoto anaitwa Aidan. Tofauti ilikuwa mfukoni. Ringu ilitengenezwa kwa fedha kidogo, wakati The Ring inakadiriwa ilitumia dola milioni 48 na kuingiza karibu dola milioni 250 duniani kote.

Sadako na Samara

Msichana wa kisimani kwa Wajapani anaitwa Sadako. Gauni jeupe na nywele nyeusi zilizofunika uso si mambo yaliyobuniwa kwa ajili ya filamu hiyo. Katika hadithi za kale za Japan, mtu aliyekufa kwa kudhulumiwa, hasa mwanamke, hurudi kulipiza kisasi akiwa katika vazi jeupe la maziko na nywele zilizoachiwa. Watoto wa Japan wanaijua hadithi ya Okiku, mtumishi aliyeishia kisimani kwa sababu ya sahani iliyopotea, ambaye usiku husikika akihesabu sahani. Mjapani alipokiona kisima kwenye skrini hakuhitaji kuelezwa.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa nje wengi hawalijui. Mama yake Sadako, Shizuko, anaonyesha uwezo wake wa ajabu mbele ya waandishi wa habari, nao wanamzomea kuwa ni tapeli. Baadaye anajitupa katika mlima wa volkano wa Mihara. Kisa hicho kinafanana na cha mwanamke wa kweli, Chizuko Mifune, aliyefanyiwa majaribio na msomi wa Tokyo, Tomokichi Fukurai, mwaka 1910. Alishutumiwa kuwa mdanganyifu na akajiua mwaka 1911. Kwa hiyo hasira ya Sadako ina mlengwa, na si bahati mbaya kwamba Reiko naye ni mwandishi wa habari.

Samara wa Marekani ni mtoto wa kuasiliwa aliyelelewa kwenye shamba la farasi. Farasi wanapata wazimu na kujitosa baharini, mtoto anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwisho mama aliyemlea anamfunika mfuko kichwani na kumtupa kisimani. Kila kitu kina faili, picha na daktari wa kukieleza. Hata siku saba zina jibu: ni muda aliokaa hai ndani ya kisima kabla ya kufa. Mmarekani anataka ushahidi mezani. Mjapani anamwacha mtazamaji gizani, na humo gizani ndimo hofu inamozaliana.

Namna ya kutisha

Nakata hana haraka. Damu karibu haipo, na uso wa Sadako hatuuoni kamwe isipokuwa jicho moja. Lile tukio maarufu la kutoka ndani ya televisheni lilifanywa kwa ujanja rahisi: mwigizaji Rie Ino'o alitembea kinyumenyume, kisha picha ikarudishwa nyuma. Ndiyo maana miguu ile haiendi kama ya binadamu, na macho yetu yanaona kuna kasoro kabla akili haijajua ni ipi.

The Ring inatumia vipodozi na kompyuta, na mapema kabisa inatuonyesha maiti yenye uso ulioharibika kabatini. Unashtuka, kisha unapoa. Lakini tuwatendee haki. Tukio la farasi anayeingiwa na kichaa ndani ya kivuko mpaka kujirusha baharini halimo katika Ringu, na ni kati ya mazuri kuliko yote katika filamu zote mbili. Naomi Watts naye anaigiza kwa namna inayokufanya umwamini tangu dakika ya kwanza.

Mwisho ndio penye kazi

Wote wawili wanayatoa mabaki ya msichana kisimani wakidhani laana imekwisha. Haikuisha. Baba wa mtoto anakufa, na mama anagundua kwamba yeye alipona kwa sababu aliunakili mkanda na kumwonyesha mtu mwingine. Sasa mtoto lazima afanye vivyo hivyo.

Rachel anamsaidia Aidan kutengeneza nakala. Mtoto anauliza huyo watakayemwonyesha itakuwaje. Mama hajibu. Reiko yeye anapakia deki kwenye gari, anapiga simu na kusema ana ombi kwa baba yake mzazi. Babu ndiye atakayetazama.

Hapa ndipo tunapompa Mjapani ushindi. Mhanga wa Mmarekani hana jina, tunaweza kumsahau tukitoka ukumbini. Mhanga wa Mjapani ni mzee anayempenda mjukuu wake, na yeye naye, ili apone, itabidi atafute mwingine. Wengi wetu tumewahi kupokea ujumbe wa simu usemao usipowatumia watu kumi utapatwa na mkosi, na wapo waliotuma kwa ndugu zao huku wakijua ni upuuzi. Ringu inauliza tungefanya nini kama usingekuwa upuuzi.

Baada ya fedha zile, Hollywood iliendelea kuchota Japan. Mwaka 2004 ilikuja The Grudge, ambayo Takashi Shimizu aliirudia filamu yake mwenyewe. Mwaka 2005 ikaja Dark Water, na mwaka huo huo Nakata akaitwa Marekani kuongoza The Ring Two.

Deki zenyewe zimekufa. Kampuni ya Kijapani ya Funai, ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Lakini kunakili na kusambaza sasa ni kubonyeza mara moja tu kwenye simu, na Sadako asingehitaji hata siku saba.

Ushauri wetu: anza na Ringu, usiku, sauti ikiwa juu. The Ring itazame kesho yake. Ukianza na ya Kimarekani utakuwa umekwishapewa majibu yote, na Sadako hatakuwa na la kukutishia.