Chanzo cha Takwimu za Nyumba nchini Marekani

Marekani ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1790, lakini sensa ya nyumba ilingoja hadi mwaka 1940. Kilichoileta ni mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929: ujenzi ulikwama, wenye madeni walinyang'anywa nyumba, na serikali haikuwa na takwimu za kuongoza msaada wake. Mwaka 1934 Wizara ya Biashara ilichunguza nyumba katika miji 64. Kisha sheria ya mwaka 1939 ikaamuru nchi nzima ihesabiwe. Makarani waliuliza juu ya maji, choo na taa, ikaonekana kwamba karibu nusu ya nyumba hazikuwa na mabomba kamili. Mwaka 1973 ulianzishwa uchunguzi wa sampuli, unaorudia nyumba zilezile kwa miaka mingi hata wakaaji wakihama.

Kazi hiyo hudai usahihi wa maneno. Katika Kiswahili, "nyumba" ni jengo, tena ni jamaa waishio ndani yake. Mtakwimu hana budi kutenganisha nyumba na kaya. Asipofanya hivyo, nyumba tupu hupotea katika hesabu, na familia mbili zilizobanana chini ya paa moja huandikwa kuwa moja.