Pedi za breki za bei nafuu: mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha

Miongoni mwa matumizi ya gari ambayo familia huyaahirisha mara kwa mara ni haya ya breki. Mafuta hayana budi kununuliwa, kwa kuwa bila mafuta gari haliondoki. Tairi lililopasuka huonekana na kila mpita njia. Lakini pedi ya breki hulika kimyakimya ndani ya rimu, na gari huendelea kusimama, leo kwa uzito kidogo kuliko jana, mpaka dereva akazoea. Siku fundi anapotamka kwamba zimekwisha, aghalabu ndiyo siku ambayo ada ya shule nayo imefika. Hapo huulizwa swali moja tu dukani: ipi ya bei rahisi?

Swali hilo halina aibu. Mzazi mwenye kipato cha kawaida na watoto wanne hawezi kulaumiwa kwa kutafuta unafuu. Ila kati ya boksi lenye nembo ya kiwanda cha gari, ambalo bei yake humshinda, na boksi lisilo na jina linalouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, lipo eneo pana sana, na unafuu wa kweli umo humo.

Kwanza ijulikane kama pedi zinahitajika kweli, na za magurudumu yapi. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa takriban milimita 10 za nyenzo inayosugua diski, ukiacha bati lililo nyuma yake. Ikibaki milimita 3 hivi, wakati wa kubadilisha umefika. Pedi nyingi zina kijibati chembamba kinachogusa diski zinapokaribia kwisha na kutoa mlio mkali kama wa filimbi. Mlio huo ni hisani. Ukigeuka kuwa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, basi diski nayo imeanza kuliwa, na gharama imeongezeka maradufu.

Gari linapopunguza mwendo uzito huelemea mbele, hivyo pedi za mbele huchoka upesi kuliko breki za nyuma. IST nyingi tunazopanda zina diski mbele na dramu nyuma, na breki shuu za ndani ya dramu huweza kudumu muda mrefu zaidi. Basi fundi akikwambia breki zote za gari zimekwisha kwa pamoja, mwombe afungue akuonyeshe. Huo peke yake ni unafuu. Lakini usikubali kubadilisha gurudumu moja: hubadilishwa la kulia na la kushoto kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila unapokanyaga.

Zile kuukuu usiziache gereji kabla ya kuzitazama. Ikiwa pedi moja imekwisha na mwenzake wa gurudumu lilelile bado ni nene, tatizo si pedi. Pini za kalipa zimekwama. Kuzisafisha na kuzipaka grisi yake maalumu ni kazi ndogo, na asiyeifanya atarudi dukani baada ya miezi michache kununua pedi nyingine.

Sasa tuje kwenye duka. Kosa linaloonekana zaidi katika maduka ya spea, iwe Kariakoo au mikoani, ni mteja kutaja jina la gari pekee. “Nipe pedi za Noah.” Noah ipi? Ile ya zamani ya SR40 na ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001, yaani AZR60, ni magari mawili tofauti yenye jina moja. Andika namba ya modeli iliyo kwenye bamba la gari, au chukua pedi kuukuu uende nayo mkononi. Kwa Toyota, namba ya kipuri cha pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu 04495. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Mwenye namba hiyo anaweza kuulizia bei katika maduka matano bila kuhangaika, na kulinganisha kitu kimoja kwa kimoja. Watengenezaji wengine nao huandika kwenye katalogi zao namba ya Toyota inayolingana na pedi yao.

Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Kiwanda cha magari mara nyingi hakitengenezi pedi zake chenyewe. Kampuni za Japani kama Advics na Akebono huuza breki kwa viwanda vya magari, kisha huuza pia madukani kwa majina yao wenyewe. Pedi ya namna hii kwa kawaida huwa chini ya bei ya boksi la Toyota, na kwa maoni yetu ndiyo inayomfaa mwenye gari la familia.

Geuza pedi utazame ubavuni. Huenda ukakuta herufi mbili zimeandikwa pamoja, kama EE, FF au GG. Ya kwanza hueleza nguvu ya msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa imepata joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la nyumbani FF inatosha. Pedi ambayo herufi yake ya pili iko chini ya ile ya kwanza itakudanganya mjini, kwa kuwa Dar es Salaam mwendo ni wa foleni. Atakayeijua ni yule anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na watu saba ndani, kona baada ya kona, mguu ukiwa juu ya breki. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu pedi itadumu muda gani. Alama nyingine ni herufi E yenye namba ndani ya duara, ikifuatana na maandishi 90R: hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa itumikayo Ulaya, inayotaka pedi mbadala isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika uwezo wa kusimamisha gari.

Alama, hata hivyo, huigwa. Pedi bandia huonekana kwa kingo zinazomeguka ukizikwangua kwa ukucha, nyufa, mwanya kati ya nyenzo na bati, na boksi lisilo na namba ya toleo. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti yenye jina la pedi na namba yake amekwisha kukujibu. Sisi ambao kazi ya ukatibu hutulazimu kusoma risiti za gereji tumechoka kuona neno moja tu, “breki”, na jumla chini yake. Risiti ya namna hiyo haikusaidii kurudisha mali mbovu, wala kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia.

Kuhusu spea za mtumba: kioo cha pembeni, mlango, hata injini, sawa. Pedi za breki hapana. Hujui zilimwagikiwa mafuta gani wala zilipata joto kiasi gani, na huwezi kuzipima kwa macho.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Pedi za shilingi 24,000 zikidumu kilomita 8,000, kila kilomita imekugharimu shilingi 3. Za shilingi 60,000 zikidumu kilomita 30,000, ni shilingi 2. Bado hatujahesabu ufundi unaolipwa kila mara, wala diski inayochimbwa na pedi ngumu. Na ukiwa dukani, kumbuka kwamba kila diski ina unene wa chini ulioandikwa juu yake, MIN TH. Ikiwa imepita hapo, hakuna kuchongesha, ni kubadilisha.

Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka ifikapo nyuzi 205, lakini ikishavuta maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na mafuta yakichemka pedali huzama hata pedi zikiwa mpya. Chupa ya DOT 3 si ghali; yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Akina mama watuelewe katika hili: vumbi jeusi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa watoto wakiwa karibu, kwa kuwa pedi nyingine, hasa za zamani, zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kazi ikimalizika, kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea, kwani pistoni zilirudishwa nyuma wakati wa kufunga na mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini. Kisha tafuta barabara tulivu, uende kilomita 50 kwa saa, upunguze taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, urudie mara kumi au zaidi ukiacha nafasi zipoe. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka kukanyaga kwa ghafla, na safari ya Lushoto ingoje wiki ijayo.