Mboga zako zilikunywa maji gani? Gunia moja mlangoni laweza kukuondolea shaka

UKISIMAMA jioni karibu na kituo chochote cha matatu mashariki mwa Nairobi, utawaona akina mama wakikatakata sukumawiki kwa kasi ya ajabu huku wateja wakisubiri zamu zao. Mteja huuliza bei, hulipa na kwenda zake. Ni wachache mno wanaouliza mboga hizo zilikua wapi.

Na swali lenyewe si la upuuzi. Mboga nyingi zinazoliwa jijini hutoka katika mashamba ya Kiambu, Nyandarua na kwingineko. Nyingine, hata hivyo, hupandwa kando ya mito michafu ipitayo mitaani, na wapo wakulima ambao huziba mabomba ya majitaka kwa makusudi ili maji yafurike hadi shambani. Maji hayo huyastawisha majani yakawa mapana na ya kijani kilichokoza, yakampendeza mnunuzi kuliko yale ya shamba safi. Lakini ndani yake mna mayai ya minyoo, viini vya kuhara na vya homa ya matumbo na, pale penye viwanda au karakana, metali nzito kama vile risasi.

Viini hufa mboga ikipikwa vyema. Taabu iko kwa dania na vitunguu vya majani, ambavyo aghalabu huliwa vibichi katika kachumbari. Taabu kubwa zaidi ni hiyo risasi, kwani moto hauiwezi. Mtoto anayekula risasi kidogo kidogo huenda asionyeshe dalili yoyote ilhali ubongo wake unadhurika, na baadaye mzazi huona tu kwamba mtoto ni mzito wa kujifunza. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa mtu wa mjini asiye na shamba, njia iliyo karibu ni kukuza angalau sehemu ya mboga zake mwenyewe, katika gunia, ndoo kuukuu, karai au debe. Jambo hili si geni nchini. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa adimu na ghali katika mitaa ya mabanda, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia Kibera na mitaa mingine ya Nairobi, na hadi leo utayaona magunia ya mboga milangoni mwa watu huko. Mnamo 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hivyo anayepanda mboga zake nyumbani si mvunja sheria. Mwenye nyumba wako ni habari nyingine, nasi tutamfikia.

Udongo kwanza

Gunia halitakusaidia kitu iwapo utalijaza udongo mchafu. Wengi hukosea hapa. Huchota udongo wowote ulio karibu, nao udongo ulio karibu mjini mara nyingi ni wa kando ya barabara kuu, wa karibu na gereji au wa mahali palipochomwa takataka. Risasi ikiingia katika udongo hukaa humo miaka mingi, haiozi wala haisombwi na mvua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili kwa uchungu: risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia ardhini na katika miili yao, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Basi usichote udongo mahali ambapo betri zilipasuliwa, magari yalipakwa rangi au mafuta ya injini yalimwagwa. Ukiwa na jamaa mashambani, debe chache za udongo wa huko zitakufaa kuliko lori zima la udongo usioujua. Vivyo hivyo kwa chombo. Ndoo iliyokuwa na rangi, mtungi wa dawa ya wadudu na gunia la mbegu zilizotiwa dawa havifai, hata ukiviosha mara kumi. Magurudumu ya gari yametapakaa kote na hayagharimu kitu, lakini mimi ningeyaachia maua.

Samadi nayo iwe imeoza kabisa, ya miezi 3 au 4 hivi. Samadi iliyokomaa haitoi joto wala uvundo, na huwezi tena kutambua kama ilikuwa kinyesi cha ng'ombe au cha kuku. Mbichi huunguza mizizi na hubeba viini. Tena samadi na udongo ni makao ya viini vya pepopunda, kwa hivyo mwenye kidonda mkononi avae glavu, na anayejichoma na msumari au waya kazini humo aende zahanati kuulizia sindano badala ya kupaka mafuta taa na kungoja.

Jinsi ya kujaza gunia

Tafuta gunia la kilo 90 lililokuwa na mahindi au sukari. Changanya karai 2 za udongo, karai 1 ya samadi na nusu karai ya mchanga, na uendelee kwa kipimo hicho hadi upate wa kutosha. Kisha chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ukate kitako chake ili ubaki kama bomba fupi, uusimamishe katikati ya gunia na kuujaza mawe madogo. Mwaga udongo pande zote za mkebe mpaka ukaribie ukingo wake. Sasa uvute mkebe juu polepole. Mawe yatabaki yamesimama katikati. Rudia hivyo, mawe ndani na udongo nje, mpaka gunia lijae.

Nguzo hiyo ya mawe ndiyo siri ya gunia. Bila hiyo maji hulowesha udongo wa juu tu, na miche ya ubavuni hufa kwa kiu ilhali ya juu imeoza mizizi. Mawe huyafikisha maji hadi chini na kuyasambaza kando.

Mwagilia kwa siku 3 ili udongo utulie. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, yakipishana, moja umbali wa shubiri kutoka kwa jingine, na uingize miche jioni jua linapopungua. Gunia moja hubeba miche 30 hivi bila kusongamana. Miche ya sukumawiki si lazima ununue: machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina kuukuu hushika vizuri. Zamani watu walikuza miche katika mifuko ya plastiki ya dukani. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, pakiti tupu za maziwa zimechukua nafasi yake, na kwa kweli zinafaa zaidi kwa kuwa husimama zenyewe.

Mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4 tangu mbegu kumea. Sukumawiki huhitaji kama miezi 2 baada ya kupandikizwa, lakini ikishaanza hutoa majani kwa miezi mingi. Chuma majani ya chini, acha ncha. Pwani, ambako joto huisumbua sukumawiki, panda mchicha, kunde, bamia au matembele, na ujihadhari na maji ya kisima yenye chumvi.

Jua, maji na uzito

Mboga za majani zinahitaji jua la saa 4 kwa uchache, na zikipata 6 ni bora. Wanaoishi katika ghorofa wachunguze roshani yao imeelekea wapi. Kwa kuwa Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita upande wa kaskazini. Roshani iliyotazama kusini basi hukosa jua kwa nusu mwaka, na mwenye nyumba hiyo hushangaa kwa nini sukumawiki yake imerefuka kama kamba. Iliyotazama mashariki au magharibi hupata nusu siku mwaka mzima, na hiyo yatosha.

Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa sana. Ya kufulia yenye sabuni ya unga hayafai, kwa maana chumvi zake huufanya udongo ugande na majani yageuke manjano. Yale ya kusuuzia nguo mara ya mwisho yanaweza kutumiwa mara moja moja. Ukiona vidukari wamejibandika chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, kisha uyasuuze majani. Dawa kali za kunyunyiza hazina mahali katika roshani wanamocheza watoto.

Mwandishi wa makala haya alijaza gunia lake la kwanza kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, akalisifu kwa kila mgeni, na siku ya tano jirani wa chini akapanda ngazi akiwa na shati jeupe lililotapakaa matope. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alikuja kutazama, akalisukuma gunia kwa mguu, halikutikisika, naye akataka liondolewe. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Gunia lililojaa na kulowa hupita kilo 100 kwa mbali, nazo roshani nyingi za mijini hazikujengwa zibebe magunia manne kwa mpigo. Weka magunia chini, ardhini. Juu tumia ndoo na makarai mepesi, yakae sakafuni karibu na ukuta, kamwe yasiwe juu ya ukingo ambako mkono wa mtoto au upepo unaweza kuyaangusha kichwani mwa mpita njia.

Usiwafugie mbu

Kila ndoo lazima iwe na matundu chini, na sahani ya kukinga maji imwagwe kila siku. Mbu anayeeneza homa ya kidingapopo na chikungunya huuma mchana na hutaga katika vyombo vya majumbani hasa. Mombasa ilipatwa na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017, na kidingapopo imezuka huko mara kadhaa. Isitoshe, mnamo 2022 watafiti walimpata kaskazini mwa nchi mbu mgeni wa malaria, Anopheles stephensi, ambaye tofauti na wenzake hupenda vyombo vya maji vya mijini. Pipa unaloweka maji ya kumwagilia lifunikwe kwa mfuniko usioacha mwanya.

Mboga zikifika jikoni

Majani ya kijani kibichi hutoa vitamini A ya kulinda macho, asidi ya foliki ambayo mama mjamzito huihitaji sana, na madini ya chuma. Mwili, hata hivyo, hauchukui chuma cha majani kwa urahisi. Nyanya au tone la limau husaidia, na chai huzuia, kwa hivyo yule anayeteremsha ugali na sukumawiki kwa chai ya rangi anajipunja. Aingoje saa moja. Vitamini A nayo huhitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Osha majani kabla ya kuyakata, si baada, na usiyapike hadi yabadilike rangi.

Managu yana tahadhari yake: matunda yake mabichi ya kijani yana sumu, na majani yapikwe, yasiliwe mabichi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kiasi cha mboga anachoruhusiwa kwa sababu ya potasiamu. Anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula sufuria nzima kila siku kwa kuwa gunia limekubali. Ale kwa kiasi kile kile alichozoea na amjulishe daktari wake akitaka kubadilisha.

Gunia moja halilishi familia ya watu watano. Kwa hesabu yangu hutoa mboga ya jioni 2 au 3 kwa wiki, kwa hivyo wenye nafasi huweka mawili na kuyachuma kwa zamu. Jua hulichakaza gunia la plastiki baada ya mwaka hivi. Likianza kuchanika, udongo wake usitupwe. Uanike siku chache, uondoe mizizi, uuchanganye na samadi mpya na kujazia gunia jingine, lakini mara hii panda kunde au maharagwe kwanza kabla ya kurudisha sukumawiki.